Subiri Ipoe Yenyewe

Kila siku saa tisa alasiri, mama yake akishasinzia, Kitinda alikuwa na saa moja iliyokuwa mali yake.

Alikivuta kitasa cha mlango wa mgonjwa kwa juu ili kisilie, akapita jikoni kwa ncha za vidole, akatoka kwenye roshani ya nyuma. Pale, kati ya beseni la kufulia na kamba ya nguo, palikuwa na meza iliyotandikwa vigae. Juu yake kulikuwa na kiti kidogo cha waya chenye miguu mitatu, koleo, chujio la chai lililokwisha kustaafu chai, na vikopo kumi na viwili vya unga wa kioo, kila kimoja na rangi yake. Kulikuwa na kichomeo pia, kimtungi cha gesi chenye mdomo mwembamba wa kutema moto.

Siku hiyo alitengeneza hereni. Alikuwa amekata miduara miwili ya shaba nyekundu, akaisugua kwa siki na chumvi mpaka ikapata rangi ya waridi, akavaa barakoa, akainyunyizia unga wa kijani kwa chujio, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga poda. Kisha akawasha kichomeo na kupeleka moto chini ya waya.

Unga wa kioo una tabia zake. Kwanza hukaa kama sukari. Baadaye hukunjamana kama ganda la chungwa. Halafu ghafla, na ukipepesa macho umeikosa, hulainika wote na kung'aa kama maji yaliyotulia. Kwa ajili ya ghafla hiyo Kitinda alivumilia saa nyingine zote za siku.

Alikuwa amefika kwenye ganda la chungwa moto ulipokohoa. Uligeuka kutoka buluu kuwa njano, ukapata kwikwi mara mbili, ukafa.

"La," alisema. "La, la, la. Si sasa."

Mtungi wa akiba ulikuwa umekwisha wiki iliyopita, naye hakuwa amepata nafasi ya kutoka kununua mwingine. Alitazama saa. Duka la vifaa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Dakika kumi, akikimbia. Aliweka simu ya mama karibu na mto, akashuka ghorofa nne akiwa na gauni la nyumbani lenye madoa ya siki, ndala miguuni, na barakoa ikining'inia sikio moja.

Duka lilikuwa limefurika. Mmoja anataka misumari, mwingine rangi, wa tatu anabishana kuhusu urefu wa bomba. Mbele ya Kitinda alisimama kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, ameviringisha bomba la shaba begani kama mwanajeshi anavyobeba kamba. Mikononi alishika mitungi miwili ya gesi. Rafu nyuma ya mwenye duka ilikuwa tupu.

Kitinda alisogea hatua moja. Kuzungumza na mtu asiyemjua kulikuwa kazi ngumu kwake kuliko kupanda ngazi.

"Samahani, kaka. Hiyo yote miwili ni yako?"

Kijana aligeuka. Alimtazama kuanzia ndala mpaka barakoa. "Yote miwili, dada. Kwani unataka kumchoma nani?"

"Nina hereni motoni."

"Hereni! Mimi nilidhani ni nyama tu inayochomwa."

"Ni kioo. Namwaga unga wa kioo juu ya shaba, naupasha, unayeyuka, unashikana na shaba." Maneno yalimtoka kwa kasi, maana jambo hilo pekee ndilo aliloweza kulisema bila kuona aibu. "Sasa umekwama katikati."

"Mimi nashika shaba tangu niache shule," alisema kijana. "Nakata mabomba ya mafriji, naunganisha, nafukia ukutani. Haijaniambia hata siku moja kwamba ina urembo."

"Labda hukuiuliza."

Watu nyuma walicheka. Mwenye duka aligonga kaunta. "Wapenzi nyinyi, mnazuia foleni! Kaposaneni nje!"

Kitinda alitamani sakafu ipasuke. Kijana akampa mtungi mmoja. "Chukua. Friji ya mteja wangu inaweza kungoja mpaka kesho, imeshangoja mwezi. Ila nipe namba, nijue kama wagonjwa wako wamepona."

Aliitoa namba. Alipokuwa anapanda ngazi mbio ndipo alipogundua kwamba ameitoa.

Mama alikuwa macho, ameegemea mito. "Ulikwenda wapi?"

"Dukani, Mama. Hapo chini tu."

"Mbona umerudi na uso wa mtu aliyekwenda mbali?"

*

Yafaa kueleza jinsi Kitinda alivyofika kwenye roshani ile, kwa sababu hakuna aliyemfungia mlango.

Miaka miwili nyuma mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, wapangaji wawili wa chini walimbeba kwenye kiti mpaka ghorofa ya nne, na tangu hapo hakushuka. Kitinda, kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo cha sanaa. Kaka yake mwenye duka la vifaa vya shule na dada yake mkubwa aliyefanya kazi benki walikuja kufanya kikao. Kitinda alikuwa jikoni akipika chai. Alipotokea na sinia, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Mimi nitalipa kodi," alisema kaka.

"Mimi dawa," alisema dada, akinukia manukato ya bei. "Na wewe mdogo wetu utakaa na Mama. Wewe si uko nyumbani tu?"

"Haya," alisema Kitinda.

Watu wanaomjua husema ana haya. Ni kweli, na alikuwa nazo mbili: moja ya usoni, inayomfanya atazame vidole vya miguu mtu akimsemesha, nyingine ya mdomoni, inayomtoka kabla hajafikiri. *Njoo mara moja.* Haya. *Usisahau dawa za saa nne.* Haya. *Mwaka huu hatutaweza kukupokea zamu, mwakani tutaona.* Haya. Kila moja ilikuwa ndogo kama punje, na siku moja aligundua kwamba kwa punje hizo amejijengea ukuta mwenyewe.

*

Simu ililia jioni ileile.

"Halo. Naongea na hospitali ya hereni?"

Kitinda alijifungia jikoni. "Nani mwenzangu?"

"Jamani, umeshanisahau? Fundi wa mafriji. Watu wananiita Baridi."

"Jina gani hilo?"

"Ndiyo kazi yangu, kuleta baridi. Na wewe kazi yako moto. Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Mmoja amepona. Mwingine ana kovu."

"Basi huyo mwenye kovu niuzie mimi."

"Unatoboa masikio siku hizi?"

Baridi alicheka, na Kitinda naye akajikuta amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo asimwamshe mama kwa kicheko. Ilikuwa muda mrefu hajacheka na mtu asiyekuwa ndugu yake.

Tangu hapo simu ikawa inalia kila siku. Baridi alipiga akiwa juu ya ngazi, akiwa chini ya kaunta za bucha, akiwa amejibana nyuma ya friji ya mtu na sauti yake ikitoka kama ya mtu aliyemo ndani ya debe. Alimwita Bi Moto. Alimwita laazizi siku moja kwa bahati mbaya, akajifanya amekohoa. Kila alipopita mtaa ule alisimamisha pikipiki yake chini ya roshani na kuinua uso.

"Shuka dakika tano, mpenzi. Nimekuletea soda."

"Mama ataamka."

"Dakika tatu."

Siku moja alijaribu. Alishuka mpaka ghorofa ya pili, akasimama mkono ukiwa kwenye reli, akasikiliza. Alidhani amesikia jina lake likiitwa. Akapanda tena mbio. Mama alikuwa anakoroma. Soda ilipandishwa kwa kikapu na kamba, na wote wawili wakainywa, mmoja juu, mmoja chini, wakitazamana kama majirani wa gereza.

Ndipo Baridi akaamua kwamba kama mlima hauji, yeye ataupanda. Alhamisi moja saa tisa aligonga mlango, amenyoa, amevaa shati jeupe lenye mistari myembamba na suruali iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Mkononi alibeba mfuko wa vipande vya mabomba.

"Watu wanaleta maua," Kitinda alinong'ona.

"Maua utayachoma? Hivi vitakufaa."

Alivimwaga mezani. Kitinda alichukua kimoja, akakipasua kwa mkasi wa bati, akakigonga mpaka kikawa bapa, akakata umbo la jani. Baridi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, akimtazama kama mwanafunzi. Hakuwahi kumwona hivi. Mikono ile iliyohangaika kuvuta kikapu cha soda sasa ilikwenda bila kusita. Aliisugua shaba, akaivisha unga mwekundu, akawasha moto.

"Hiki ni kidani," alisema bila kuinua uso. "Cha kwanza kitakachokuwa changu. Vingine vyote huwa nauza."

Sukari. Ganda la chungwa. Kioo. Halafu jani lile lililokuwa jekundu likaanza kugeuka, likawa zambarau, likawa jeusi tititi.

Kitinda alizima kichomeo, ametulia. Baridi hakutulia. Yeye alijua kitu kimoja kuhusu shaba: ukimaliza kuiunganisha, unaipoza haraka kwa kitambaa cha maji, moto usije ukala usichotaka. Aliona cheusi, akaona kidani cha kwanza cha mpenzi wake kinaungua, na kabla Kitinda hajafumbua mdomo alikuwa ameshika koleo na kukitumbukiza kwenye beseni la kufulia.

*Pa!*

Vipande vyekundu viliruka majini kama cheche.

"Nini kimepasuka huko?" ilisikika sauti ya mama.

"Kidani, Mama!"

"Afadhali. Nilidhani moyo wa mtu."

Baridi alisimama, amelowa mkono, uso umemshuka. "Kilikuwa kinaungua…"

"Kilikuwa kimeiva," alisema Kitinda. "Nyekundu ikiwa moto huwa nyeusi. Unaiacha tu. Unasubiri ipoe yenyewe, rangi inarudi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi?"

Walitazamana, kisha wakaanza kucheka, na walicheka mpaka mama akapiga ukuta kwa fimbo. "Mlete huyo mvunja vyombo nimwone!"

Baridi aliingizwa. Mama alimkagua kuanzia viatu. "Wewe ndiye Baridi? Nasikia simu zako kupitia ukuta huu kila jioni. Sauti unayo. Adabu unayo?"

"Ninayo, Mama, ila leo imevunja kidani."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mama, akamwonyesha kiti.

*

Kama mambo yangebaki hapo, kusingekuwa na cha kusimulia. Wiki tatu baadaye, Jumanne, simu ililia Kitinda akiwa anakamua shuka.

"Bi Moto! Nimepata kazi. Kubwa!" Baridi alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Mashamba ya maua, wanajenga vyumba vya baridi sita. Mwaka mzima. Wananipa na nyumba, vyumba viwili, uwanja, hata kibanda cha kuweka vifaa. Safari Jumatatu asubuhi."

Shuka lilimponyoka likarudi majini. "Jumatatu hii?"

"Hii hii. Sikiliza, nina jambo kubwa la kukuambia, halisemwi kwenye simu. Nitapita Jumamosi wakati wowote. Wewe si uko nyumbani tu?"

Masikini Baridi. Alitaka kusema: popote nitakapokuwa nitakuja, najua pa kukupata. Lakini maneno yale matano yalikuwa na mwenyewe. Kitinda aliyasikia kwa sauti ya dada yake, na harufu ya manukato juu. Hata huyu, aliwaza. Hata huyu ananiona kama kabati: liko palepale, utalikuta. Atakwenda kwenye uwanja wake na kibanda chake, nami nitaagwa kama watu wanavyoaga nyumba.

"Haya," alisema. "Nenda salama."

"Ngoja, mbona unaniaga sasa? Jumamosi…"

"Usijisumbue. Nenda salama."

Akakata. Alikamua shuka lile mpaka vidole vikafa ganzi.

Upande wa pili Baridi alibaki ameshika simu katikati ya karakana. Kwake, "haya" ile ilikuwa mlango uliofungwa. Na mtu yule alikuwa na dawa moja tu kwa kitu kilichopata moto: kukipoza haraka. Alipiga simu mara sita. Hakujibiwa. Jumatano akavaa lile shati jeupe, akaulizia duka la vifaa vya shule, akajitambulisha kwa kaka yake Kitinda kwa adabu zote, kwamba yeye ni fundi, kwamba ana nia njema, kwamba angependa kuja kuposa kabla ya Jumatatu kama wazee wataridhia.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali mawili. "Umeingia nyumbani kwa mama yangu?" Na, baada ya Baridi kujibu kweli tupu: "Moto gani huo mnaouwasha kwenye roshani?"

Jioni alipanda ghorofa nne bila kupumzika. Hakupiga kelele, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wasiwasi, na miaka miwili ya kulipa kodi ya nyumba mbili ilikuwa imemchosha.

"Gesi, Kitinda. Gesi na moto, na Mama hawezi kukimbia! Mngeungua humu ndani ningejibu nini?"

"Nakuwa mwangalifu, kaka. Ndoo ya maji ipo, na…"

"Na mwanaume usiyetuambia?"

Kitinda alitazama vidole vya miguu.

"Nakichukua," alisema kaka, akakitia kichomeo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mtungi. "Kitakaa dukani kwangu. Na Jumapili mimi na dada tutakuja tuzungumze. Huyo kijana mwambie asihangaike. Nani atakaa na Mama?"

Alisubiri jibu. Lilitoka lenyewe, kama kawaida yake.

"Haya."

*

Alhamisi saa tisa alivuta kitasa kwa juu, akapita jikoni kwa ncha za vidole, akakaa mbele ya meza yake. Vikopo kumi na viwili vilimtazama. Alipanga vipande vya shaba kwa ukubwa. Akavipanga tena. Chini watu walikwenda na kurudi, milango ya magari ikafungwa, mwanamke akamwita mwanawe. Saa ile moja, ambayo siku zote ilikuwa fupi kama kupiga chafya, siku hiyo haikutaka kwisha. Ijumaa hakwenda kabisa. Alilala kitandani kwake akihesabu nyufa za dari, na simu ikatetemeka mara kumi na moja chini ya mto. Mwisho ukaja ujumbe: *Nimeelewa. Jumatatu naondoka saa moja asubuhi. Sitakusumbua tena.*

Jumamosi, alipokuwa anamkanda mama mguu kwa mafuta ya moto, mama alisema, "Huyo mvunja vyombo kapotelea wapi?"

"Anasafiri."

"Naye akakuacha?"

"Nilimwambia aende."

"Ulitaka aende?"

Kitinda aliendelea kukanda. Tone lilidondoka juu ya goti la mama, na halikuwa la mafuta.

"Nitazame," alisema mama. "Daktari aliniambia nifanye mazoezi ya ngazi. Ngazi tatu leo, nne kesho. Nilikataa. Unajua kwa nini?"

"Unaogopa kuanguka."

"Hiyo ni nusu. Nilisema: mtoto huyu anaogopa watu. Nikipona, atajificha nyuma ya nani? Nikadhani mimi ndiye kisingizio chako, nikakaa kitandani nikuhifadhi."

Kitinda aliacha kukanda. "Mama. Mimi nimekaa kwa ajili yako."

"Ndiyo hivyo sasa." Mama alipangusa lile tone kwa kidole. "Wewe unanilinda mimi, mimi nakulinda wewe, na wote wawili tunaoza ghorofa ya nne. Tumefungana kamba mguu kwa mguu kisha tunaulizana kwa nini hatutembei."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nitajuaje? Mdomo ni wako."

*

Jumapili walikuja saa nne. Dada alivaa gauni la rangi ya maziwa na mkufu wa lulu za kuigiza, kaka alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mama alitaka aletwe sebuleni, akakaa kwenye kiti chenye magurudumu kama mwenyekiti wa kikao. Dada hakuwa amemaliza kusema "tumefikiria mimi na kaka" mlango ulipogongwa.

Alikuwa Baridi, na mkoba wa vifaa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu.

"Samahanini," alisema, hakuingia. "Sikujua kuna kikao. Mama alinipigia kwa simu ya Kitinda. Amesema friji imekufa na maziwa yanaharibika."

Kila mtu alimgeukia mama. Mama alikuwa anatazama nje ya dirisha.

"Friji ilikuwa nzima asubuhi," alisema Kitinda.

"Mpisheni fundi aitazame," alisema mama.

Baridi alipita jikoni kichwa kimeinama. Hazikupita dakika mbili akarudi, ameshika waya. "Friji haina ugonjwa," alisema. "Imechomolewa."

"Kumbe!" alisema mama, akiipangusa fimbo yake vumbi la nyuma ya friji. "Basi ichomeke, kisha ukae."

Kaka akavuta pumzi. "Mama, haya ni mambo ya familia. Kijana, nilikwishakueleza."

"Ulinieleza," alisema Baridi. "Na mimi nilikosea kuja kwako kabla ya kumaliza kuzungumza naye. Nilikuwa na haraka. Sitakaa." Akaanza kufunga mkoba.

"Ni vizuri," alisema dada kwa upole. "Kitinda, mdogo wangu, usituelewe vibaya. Hakuna anayekukataza kuolewa. Tunasema tu, si sasa. Mwakani mambo yangu ya kazi yakitulia tutaona zamu zitakavyokwenda. Sawa, kipenzi?"

Wote wanne walijua neno linalofuata. Lilikuwa limeshapanda kooni, limeshika meno. Kitinda alihisi mashavu yanawaka. Akalimeza.

"Hapana," alisema.

Dada alitabasamu kama asiyesikia. "Umesema?"

"Hapana, dada. Si sawa." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi waache kupumua ili waisikie. "Wewe unakaa ghorofa ya chini. Una chumba kimejaa masanduku. Mama atakaa kwako mwaka huu. Kodi ya hapa utaiokoa, kaka, umlipe mtu wa kumsaidia mchana. Mwakani akitaka kwangu, atakuja kwangu. Nimemwogesha miaka miwili na ningemwogesha ishirini, nampenda. Lakini hamkuniuliza. Mlinikuta na sinia mkononi."

"Kitinda!" Dada alishika mkufu wake. "Kazi yangu unaijua. Mama hawezi tu kuhamishwa kama…"

"Na mimi nimeulizwa?" alisema mama. "Nataka ghorofa ya chini. Miaka miwili naona vichwa vya watu tu. Nimechoka na vipara. Nataka kuona nyuso."

Kaka alifungua kifungo cha shingo. Alimtazama mdogo wake muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kwamba ukuta wa nyumbani kwake una mlango. "Kwa nini hukusema siku zote hizi?" aliuliza, na hakuuliza kwa hasira.

"Sikujua namna."

Dada alikuwa bado na mengi, na kusema kweli aliyasema, na mengine yangeendelea wiki nzima kwenye simu, pamoja na machozi na hesabu ya masanduku. Kitinda hakuyangoja. Baridi alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, mtu anayejitoa taratibu asije akavunja kitu kingine.

"Wewe," aliita.

Alisimama. Kitinda alivuka sebule nzima, mbele ya kaka, mbele ya dada, mbele ya mama ambaye sasa hakujifanya tena kutazama dirisha. Alisimama karibu naye mpaka akaona mshipa unavyopiga shingoni mwake. Hakutazama vidole vya miguu.

"Sikutaka uende," alisema. "Siku ile nilikasirika, na nilikuwa naogopa, na nikasema uongo. Nakupenda, nataka kwenda nawe, na nataka uniulize lile jambo kubwa lisilosemwa kwenye simu, hapahapa, kwa sauti, ili nami nikujibu kwa sauti."